Masega ya Gari Jekundu

Ilipofika saa nne asubuhi, mtaa mzima wa Kakoba, mjini Mbarara, ulikuwa umezibwa na gari moja. Lilikuwa jekundu, fupi, la milango miwili, limeinama pua kama paka anayevizia panya, na lilikuwa limekufa katikati ya barabara. Pikipiki zilipiga honi mbele na nyuma. Mwenye baiskeli ya matoke alitukana kwa Kinyankore, na mwanamke wa nyanya akajifunika pua kwa upindo wa leso, maana gari lile, pamoja na uzuri wake wote, lilinuka mayai viza.

Mwenyewe alisimama kando, shati jeupe, suruali ya buluu iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungekata mche wa sabuni. Alikuwa kijana mrefu, mwenye uso wa mtu aliyezoea kutazamwa kwa husuda, si kwa kuchekwa.

Apolline alikuwa akipita na sabuni yake ya kunawia grisi. Alivaa ovaroli, na kichwani alikuwa amejifunga kitambaa cha kikwembe cha manjano. Alisimama, akavuta hewa mara mbili puani, akatabasamu.

"Kaka, gari yako ilikula mayai ya lini?"

"Dada, kama umekuja kucheka, panga mstari. Wenzako wameshaanza."

"Mi sicheke. Fungua boneti."

"Wewe ni fundi?"

"Hii ovaroli unaona ni gauni ya komunio?"

Watu waliosikia waliangua kicheko. Kijana naye, apende asipende, akacheka na kufungua boneti. Apolline aliinama, akagusa nyaya za plagi moja moja kwa ncha ya kitambaa, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Kuna taa fulani inawaka na kuzima pale mbele ya usukani?"

"Ipo. Lakini hiyo inadanganya tangu mwaka juzi. Magari haya ya Kiitaliano ya zamani ndivyo yalivyo, taa inakwambia punguza mwendo hata kama umeegesha."

"Leo haidanganye. Plagi moja haichome. Petroli inapita mbichi mpaka kwenye masega, na masega yanaungua. Ukiendelea kilomita tano, utatembea na moto chini ya matako."

"Masega? Ya nyuki?"

"Ya gari. Kile kidude cha kwenye ekzosi, kinachosafisha moshi. Ndani kina vitundu vidogo vidogo mingi, sawa masega ya asali, na vimepakwa madini. Kuna batu wanakata gari za wenzao usiku juu ya kuiba hayo madini." Alijifuta mikono. "Unaitwa nani?"

"Emery."

"Haya, Bwana Mayai. Tusukume."

Wakalisukuma hadi gereji ya mzee Tibesigwa, alikofanya kazi Apolline, yeye upande mmoja, Emery upande wa pili, na kabla hawajafika Apolline alikuwa ameshajua habari zake zote. Alikuwa Mrundi, amekulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale kama yeye. Kwa miaka kumi na mmoja alimwendesha injinia mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa akichimba visima, na mzee yule alipostaafu na kurudi kwao alimwachia lile gari, barua ya shukrani na sanduku la spea. Sasa Emery alilikodisha kwa harusi. Mbarara nzima, bibi harusi asiyeingia kanisani na gari jekundu alijiona kaolewa nusu.

"Na wewe?" Emery aliuliza, jasho likimtiririka juu ya lile shati jeupe.

"Mi ni Mukongomani, mutoto wa Uvira. Baba alikuwa mekanisiye. Alinifundisha injini mbele ya kunifundisha kupika, na unaweza kuona mwenyewe kama sijaolewa."

"Wanaume wa Nakivale ni vipofu," Emery alisema, naye alikuwa hatanii.

Gari lilipona siku ile ile. Dereva hakupona. Kesho yake alirudi akidai kuna mlio. Keshokutwa akarudi na mlio mwingine. Siku ya nne alikuja bila gari, na chapati mbili zilizokunjwa na mayai, akasema, "Nimekuletea jamaa zangu." Jioni simu ya Apolline ilikuwa haitulii.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, Bwana Mayai?"

"Siwezi kula. Nina plagi moja haichomi."

"Iko wapi hiyo?"

"Upande wa kushoto, chini ya mfuko wa shati."

"Hiyo si plagi, sheri wangu. Hiyo ni uongo."

Naye Apolline kila alipokata simu alijikuta anacheka peke yake, mikono imejaa povu. Jumapili walipanda wote gari jekundu mpaka Nakivale, na mama yake Apolline akatoka nje na mwiko mkononi kutazama, akamwandalia kijana ugali wa muhogo na dagaa, na Emery alikula mpaka akalegeza mkanda. Miezi mitatu ilipita hivyo. Hata Emery alipopata safari ya wiki moja kwenda Kampala kutafuta matairi, aliliacha gari gerejini na kumwachia Apolline ufunguo wake, akiufumbata kiganjani mwake kwa mikono yote miwili.

"Sijawahi kumpa mtu."

"Nitalala nao."

Lakini mchana hakulala nao. Mchana aliuacha kwenye mfuko wa koti lake, na koti aliliacha kwenye msumari wa gereji, pamoja na makoti ya wenzake.

Siku Emery aliporudi, aliliwasha gari kwa ufunguo wake wa akiba, nalo likatoa sauti nyingine kabisa, sauti ya debe tupu. Kabla Apolline hajafika kazini, Joël, aliyekuwa mchomeleaji wa gereji ile, alimvuta Emery pembeni. Joël alikuwa na maneno matamu na macho yasiyotulia. Akamwambia ameona kwa macho yake, Jumamosi, wenzake wakiwa wamekwenda kula: Apolline chini ya gari, na masega yakitoka. Apolline alikuwa na mnunuzi wa vyuma, Joël alisema. Tena si mara ya kwanza. Emery aligonga chini ya gari kwa kipande cha chuma. Pakasikika utupu.

Apolline aliingia gerejini akiwa amevaa hereni mpya kwa ajili yake. Alimkuta na askari wawili.

"Emery, umerudi! Mbona hukupiga..."

"Masega yako wapi?"

"Masega gani?"

"Nilikupa ufunguo, Apolline. Nikakupa na moyo. Umeuza vyote viwili."

Watu walikuwa wameshakusanyika: mwanamke wa chapati, vijana wa pikipiki, muuza petroli ya chupa, mafundi wenzake, mzee Tibesigwa na miwani yake kwenye paji la uso. Apolline alihisi masikio yakiwaka. Alimshika Emery mkono, na Emery akautoa ule mkono kama mtu anayetoa mdudu.

"Niangalie. Unanijua."

"Nilidhani nakujua."

"Inua gari basi! Niache nione chini, nione nani aligusa..."

"Uende kuharibu ushahidi?" Joël alisema kutoka nyuma, taratibu.

Wakampeleka kwa miguu, mchana kweupe, Kakoba nzima ikitazama. Alilala kituoni siku mbili. Mama yake alitoka Nakivale na chupa ya uji, akarudishwa getini mara tatu, na siku ya pili akauketia ukingo wa mtaro mbele ya kituo, chupa mapajani, mpaka wakamwachia binti yake kwa kukosa ushahidi. Uji ulikuwa umechacha. Mama alimpa tu, na Apolline akaunywa wote akiwa amesimama, bila kutoa chozi. Tibesigwa alimrudishia spana zake kwenye mfuko wa plastiki. "Nyabo, mimi sisemi umeiba. Lakini wateja iko nasema. Wewe endelea huko kambini kwanza."

Neno lilimtangulia nyumbani. Pale Base Camp, mtaa wao wa Nakivale, watoto walimwita Apolline Masega. Jirani aliyemjua tangu Uvira, siku Apolline alipoingia kwake kuomba chumvi, aliihamisha simu yake kutoka mezani akaitia kifuani, huku akimchekea. Hicho kicheko kilimuumiza kuliko askari wawili.

Akafungua kibanda cha mabati karibu na soko, akatengeneza mashine za kusaga mahindi na pikipiki. Kazi ilikuja, kwa kuwa mahindi hayasagwi na umbeya. Ila ndani yake kulikuwa na kazi nyingine isiyolala. Alikilea kisasi kama mama anavyolea mtoto njiti, akikifunika vizuri na kukikagua kama bado kinapumua. Akikaza nati, alikuwa anakaza shingo ya mtu. Aliomba rozari na mama yake, na kila walipofika "kama sisi tunavyowasamehe," alifunga mdomo.

"Umeruka fasi ya kusamehe," mama alimwambia siku moja.

"Najua, mama."

"Mungu naye anajua."

"Basi asiniulize."

Miezi minane ikapita. Siku moja mwezi wa Desemba simu ililia, na jina likatokea: NYOKA. Ndivyo alivyomwandika Emery. Aliitazama ikilia mpaka karibu na mwisho.

"Alo."

"Apolline. Ni mimi."

"Mimi gani?"

"Bwana Mayai."

"Huyo alikufa. Unataka nini?"

"Gari linazima. Nimelipeleka kwa mafundi wanne. Ile taa inawaka tu, inawaka tu. Jumamosi ninambeba bibi harusi wa Makenke, binti wa sajini. Nimeshaahidi. Nikishindwa hapo, jina langu limekwisha hapa mjini."

Jina langu limekwisha. Apolline alikaa juu ya mfuko wa mahindi.

"Apolline? Upo?"

"Niko. Nitakuja Ijumaa."

Alikwenda. Emery alimpokea uani kwake, Kakoba, amekonda, amevaa fulana iliyofifia, na macho yake yalimtafuta uso mzima kama mtu anayetafuta mlango gizani. Apolline alimpita, akalala chini ya gari.

Huko chini, kwa mwanga wa simu, aliona alichonyimwa miezi minane. Kopo la masega lilikuwa limekatwa na kurudishiwa, na mshono wa weldi ulikwenda kinyume. Mchomeleaji wa mkono wa kulia huvuta moto kwa upande mmoja, na mawimbi ya chuma hulalia upande huo. Haya yalilalia upande wa pili. Katika gereji nzima ya Tibesigwa mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeshika fimbo ya kuchomelea. Joël. Angeweza kuita pale pale, "Emery, njoo uone!" Kinywa kilishafunguka.

Emery alichuchumaa, akasogeza kikombe cha chai karibu na kichwa chake.

"Nimetaka kukwambia siku nyingi," alisema kwa sauti ya upole. "Yale ya nyuma, mimi nilishakusamehe."

Kinywa cha Apolline kikafungika.

Amenisamehe! Siku mbili za lokapu, chupa ya uji mapajani mwa mama, simu kifuani mwa jirani; na huyu hapa amenisamehe, na sukari ameweka.

"Aksanti," alisema.

Akafungua bomba. Ndani ya kopo Joël alikuwa ameacha pande moja la masega lililovunjika, linachezacheza, nalo ndilo lililokuwa likiziba moshi na kuzima injini. Kulitoa ilikuwa kazi ya dakika moja. Apolline hakulitoa. Alilisukuma pembeni, akalifunga kwa waya laini wa aluminiamu. Waya ule ungestahimili mwendo mfupi. Gari likichemka kwa muda, ungeyeyuka, pande lingejilaza kwenye mdomo wa bomba, na injini ingekosa pumzi na kufa. Lisingewaka moto, hilo alilihakikisha. Lingekufa tu, mbele za watu.

Alibadilisha plagi, akaliwasha. Likanguruma vizuri mno.

"Mungu wangu," Emery alisema, akicheka kama zamani. "Mikono yako!"

"Kesho usilizime ukifika," Apolline alimwambia. "Liache lingurume, batu wasikie."

Jumamosi alivaa. Alivaa kikwembe cha kijani chenye ndege wa dhahabu, blauzi ya mabega yaliyofutuka, na zile hereni za siku ile. Alipanda pikipiki mpaka Makenke, akajichanganya na watu waliojaa nje ya geti la kambi ya jeshi. Wanawake wa askari walipiga vigelegele, askari walitaniana kwa Kiswahili chao kikavu, na mzee Tibesigwa, aliyetengeneza magari ya nusu ya kambi ile, alikuwa miongoni mwa waalikwa, ndani ya suti ya kahawia.

Emery alifika na suti nyeupe. Hakuzima gari. Lilinguruma juani, na alikanyaga mafuta kila vijana waliposhangilia. Bibi harusi akatoka: Vestine, msichana mwembamba, gauni likifagia vumbi, uso umemeta kwa furaha na jasho. Wakamweka ndani. Gari likasogea hatua kumi, likakohoa, likafa.

Emery aliliwasha. Likakohoa. Akaliwasha tena.

"We dereva, nini mbaya?" koplo mmoja aliuliza.

"Dakika moja, afande."

"Dakika gani? Padri iko nangoja!"

Kicheko kilianzia kwa vijana kikasambaa. Mtu alipiga mluzi. Sajini, baba wa bibi harusi, alimshika Emery kola ya suti nyeupe na kumtikisa. "Wewe nafanya mtoto yangu mchezo? Mbele ya watu yangu?" Emery alipiga magoti vumbini kuchungulia chini, na magoti ya suruali yakawa mekundu. Alitazama huku na huku, masikio yamewaka, na Apolline aliijua ile sura. Ilikuwa yake mwenyewe. Utamu alioungoja miezi minane ulimpanda mpaka kooni, akaumeza.

Ndipo aliposikia mtu analia. Haikuwa sauti ya Emery. Vestine alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya gari, shela imemganda usoni, na wanja ukishuka. "Nilijua," alikuwa anasema. "Nilijua watanicheka. Nilijua." Shangazi yake alimpepea kwa kadi ya mwaliko.

Yule msichana hakuwa amemkosea Apolline kitu. Hata hawakujuana. Utamu ule uligeuka kooni ukawa kama uji uliochacha.

Apolline alipenya watu. Alitoa spana kwenye mkoba, maana hakuna siku aliyotembea bila spana, akavua hereni, akalala chali vumbini na ndege wake wa dhahabu.

"Apolline?" Emery alisema, bado amepiga magoti.

"Ondoa kichwa."

Chuma kilikuwa moto. Kilimuunguza kiganja, akakaza meno, akafungua nati mbili, akalivuta kopo zima kwa kitambaa cha kichwani. "Washa!"

Gari liliwaka kwa ngurumo iliyowafanya wanawake waruke nyuma, maana sasa moshi ulitoka bila kizuizi. Lilinguruma kama lori la jeshi linalopanda mlima. Vestine aliinua uso, ameduwaa.

"Peleka bibi harusi," Apolline alimwambia Emery. "Kisha urudi hapa. Siendi fasi yoyote."

Alirudi baada ya nusu saa. Watu wengi walikuwa bado hapo, wamemzunguka Apolline, na kopo likiwa chini miguuni pake. Tibesigwa naye hakuwa amekwenda kanisani. Alikuwa ameshusha miwani.

"Mzee," Apolline alisema, "angalia hiyo weldi. Waambie ni mkono wa nani."

Tibesigwa aliligeuza kopo mara tatu. "Hii ni mkono ya kushoto," alisema polepole. "Banange. Hii ni Joël. Hii kazi nimeiona miaka sita, siwezi kukosea." Akavua miwani kabisa. "Nyabo, na mimi nilikufukuza."

Emery aliinama, akaupapasa ule mshono kwa kidole. Rangi ilimtoka.

"Sijamaliza," Apolline alisema. "Jana nililiona hilo. Ningekuonyesha. Ukaniambia umenisamehe. Ndipo nikafunga pande kwa waya, ili gari likufie hapa, mbele za batu, uone inavyouma. Nilifanya kusudi. Na ningefanya tena, kama si huyu mutoto wa watu kulia."

Minong'ono ilipita. Emery alikitazama kiganja cha Apolline kilichoungua, akapanda gari, akaondoka na ngurumo yake. Sajini aliporudi kutoka kanisani alisikiliza habari yote, akamtazama Apolline juu hadi chini. "Wewe mwanamke ni mbaya," alisema, kisha akatafuta dawa ya kuungua, akampaka mwenyewe.

Joël hakungoja kesho. Jumatatu gereji ilikuta msumari wake mtupu. Walisema yuko Kampala. Apolline aliposikia alisema tu, "Dunia ni duara," akaendelea kusafisha kabureta, na walioona uso wake hawakutamani kuwa Joël.

Wiki tatu simu haikulia. Ya nne, siku ya soko, Emery alishuka kwenye pikipiki mbele ya kibanda cha Apolline pale Base Camp, amevaa shati jeupe lililojaa vumbi. Mama alikuwa amekaa mlangoni akipeta mahindi. Emery hakumsalimia Apolline. Alimpigia mama magoti, ungo katikati yao.

"Mama, nilikufanya ukae kwenye mtaro na chupa ya uji. Binti yako hakuiba kitu. Nilikuwa mjinga, na nilikuwa mkatili."

Watu wa soko wakasogea. Mama aliendelea kupeta. "Mutoto wangu alikunywa ule uji umechacha," alisema. "Ulijua hilo?"

"Sikujua, mama."

"Sasa unajua. Simama, unanizibia mwanga."

Emery alisimama, akamgeukia Apolline. "Ulinifanyia ubaya pale Makenke. Nilikasirika wiki mbili. Ya tatu nikajiuliza, mimi nilisimama vumbini dakika kumi nikaona dunia imekwisha. Wewe ulitembezwa Kakoba nzima. Sikuja kuomba turudiane. Nimekuja kuuliza nifanye nini."

"Siku ile batu walikuwa wengi pale gereji," Apolline alisema. "Nenda kwa kila mmoja. Umwambie ulichosema hapa. Mi nitasimama nyuma yako nisikie."

Ilichukua Jumamosi nzima. Mwanamke wa chapati alisikiliza huku unga ukimkauka mikononi, akasema, "Na mimi nilicheka, dada, unisamehe." Muuza petroli ya chupa alidai hakumbuki, akalazimika kusimuliwa yote upya. Kijana mmoja wa pikipiki alikuwa amehamia upande mwingine wa mji; wakamfuata. Wale askari wawili walimsikiliza Emery wakiwa wamesimama, na mmoja akavua kofia. Kila mara Emery alisema maneno yale yale, na hayakuzoeleka, hata jioni sauti ilikuwa inamkwama pale pale, kwenye neno "nilimwita mwizi." Apolline, nyuma yake, alihisi kitu kikilegea mbavuni, kidogo kidogo, kwa maumivu, kama nati yenye kutu.

"Wamekwisha," Emery alisema, amechoka.

"Wako wamekwisha. Mi nina mmoja."

Jumapili walikwenda Makenke pamoja. Vestine aliwapokea mlangoni pa nyumba ya baba yake, alikokuwa amekuja kusalimia na mume wake, kanga kiunoni. Apolline hakupamba maneno. Alimwambia ni yeye aliyeua gari, kwa makusudi, na kwamba hasira ile haikuwa ya kwake.

Vestine alimsikiliza mpaka mwisho. "Watu wote nakumbuka harusi yangu," alisema. "Wananiita Bibi Ngurumo. Bwana yangu iko nacheka. Mimi, bado sijacheka."

"Ni haki yako."

"Leo siwezi kusamehe. Nitakudanganya. Rudi mwezi kesho, uniulize tena."

"Nitarudi."

"Na usikuje mikono mitupu."

Walitoka mpaka kivulini nje ya ukuta. Emery alikuwa akichezea funguo mfukoni, na Apolline alijua anatafuta neno, maana shingo yake ilikuwa imevimba mshipa.

"Mwezi ujao nitakusindikiza," alisema.

"Juu ya nini? Kosa ni langu."

"Ndiyo. Lakini mtu haendi peke yake kuomba radhi kama ana mume."

Apolline alisimama. "Mume gani?"

"Huyu aliyekuita mwizi. Sina mwingine wa kukuletea."

Akamgeukia. Aliutazama uso ule alioutamania mabaya miezi minane, ukiwa umechomwa na jua la jana, na midomo imekauka kwa kuomba radhi. Hasira bado ilikuwamo. Aliigusa ndani yake akaikuta, ila ilikuwa imekaa chini.

"Siku nyingine ukisikia neno baya juu yangu," alisema, "utaniuliza mimi kwanza. Mbele ya kuuliza askari, mbele ya kuuliza Mungu."

"Nitakuuliza wewe."

"Na ukisahau, Emery, unajua mikono yangu."

"Naijua," Emery alisema, kwa hofu ya kweli na furaha ya kweli.

Apolline akampa ule wenye kovu, aushike.